Nuru Tusiyoimiliki: Majibu ya Barua Zenu

Barua za safari hii zimegusa jambo moja kwa namna nyingi: Mkristo aangaze vipi katika siku ya kawaida, siku isiyo na ibada wala mkutano wa injili. Nimezifupisha nyingine, na majina sikuyataja, kama wenyewe walivyoomba.

Bwana Yesu asifiwe. Mathayo 5:16 inasema nuru yetu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yetu mema. Mathayo 6:1 inatuonya tusifanye wema machoni pa watu. Tufuate lipi?

Asifiwe sana. Aya zote mbili zimo katika hotuba ile ile ya mlimani, kutoka kwa msemaji yule yule, kwa hiyo tusidhani alijisahau. Soma kila aya hadi mwisho. Ya kwanza inaishia kwa "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Ya pili inaeleza kusudi linalokatazwa: "kusudi mtazamwe na wao." Swali ni sifa inamwendea nani baada ya wewe kutenda.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Sura ya 6 inataja mambo matatu: sadaka, sala na kufunga. Yote hayo yanaweza kufanyika sirini bila kupungukiwa na chochote. Maskini hashibi zaidi kwa kuwa jirani walikuona ukimpa. Sasa rudi sura ya 5, uone maneno yanayoitangulia nuru: wenye upole, wenye rehema, wapatanishi, wanaoudhiwa kwa ajili ya haki. Huwezi kupatanisha watu wawili ukiwa umejificha, wala hakuna anayeudhiwa kwa ajili ya haki aliyoifungia chumbani. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: linaloweza kufichwa, lifiche, linalohitaji uonekane, usilikimbie kwa kisingizio cha unyenyekevu. Wapo wanaonyamaza mtu akisingiziwa mbele yao, halafu wanasema hawapendi kujionyesha. Hiyo ndiyo taa ambayo Yesu anasema, aya moja kabla ya ile uliyoitaja, kwamba watu hawaiweki chini ya pishi, yaani chombo cha kupimia nafaka.

Na kwa kuwa umegusa suala la kuonekana na watu: kumpiga picha mtu anayepokea msaada, macho yameinama, mkono umenyooshwa, kisha kuitangaza picha hiyo pamoja na aya ya Biblia, kunamgeuza yule mhitaji kuwa ushahidi wa wema wako. Umempa chakula, umemnyang'anya heshima. Kwa hili sina maneno ya kupamba. Acheni.

Je, Mkristo anapaswa kuonekana mwenye furaha wakati wote ili awe nuru?

Hapana. Yesu alimlilia Lazaro watu wakimwona, na baadhi yao wakasema, tazama jinsi alivyompenda. Machozi yale yalisema kitu juu ya Mungu ambacho tabasamu lisingeweza kusema. Uso wa kulazimisha unachosha anayeuvaa na haumdanganyi anayeutazama.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Kanisani wananiona mtu mpole, hata wananiomba niwashauri wengine. Nyumbani nafoka. Juzi mtoto wangu mkubwa aliniambia, "Mama, kanisani huwa unaongea na sauti nyingine." Nimeumia. Je, mimi ni mnafiki?

Dada yangu, mnafiki halisi asingeumia. Angemkemea mtoto kwa kukosa adabu na kuendelea. Lakini sitaki kukufariji haraka mno, kwa sababu mtoto wako amesema kweli, na ni vema kweli hiyo ikae kidogo.

Angalia Yesu anaiweka wapi ile taa. Anasema inawekwa juu ya kiango, yaani kinara cha taa, "nayo yawaangaza wote waliomo nyumbani." Nyumba za watu wa kawaida wa wakati ule zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa na chumba kimoja kikubwa ambamo watu walikula, wakafanya kazi na kulala. Taa yenyewe ilikuwa kijichombo cha udongo kinachoenea kiganjani, chenye mafuta ya zeituni na utambi. Haikuwa ya kumulika mji. Iliwatosha walioketi karibu nayo. Sisi tumegeuza mambo: tunaanza na ule mji juu ya mlima anaoutaja kabla ya taa, na waliomo nyumbani wanapata masalio ya nguvu zetu.

Nyumbani ndiko tunakochoka, na uchovu huondoa pambo. Kwa hiyo mapungufu yako ya nyumbani hayafuti upole wako wa kanisani. Yanaonyesha tu mahali ambapo upole huo haujafika bado. Paulo anapowaambia Wafilipi waonekane kama mianga katika ulimwengu, sentensi yake inaanza na jambo dogo ajabu: "Yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko wala mashindano." Mtu angetarajia aanze na miujiza au mahubiri. Anaanza na sauti tunayotumia tukiosha vyombo.

Ufanye nini? Kwanza, rudi kwa mtoto wako umwambie alikuwa sahihi. Usiongeze "lakini na wewe hunisikii." Omba msamaha, nyamaza. Yohana anaandika kwamba kuenenda nuruni ni pamoja na kuziungama dhambi zetu. Wanaosema hawana dhambi ndio anaosema wanajidanganya. Mtoto anayemwona mzazi akitubu bila kujitetea ameona injili kwa namna ambayo mafundisho ya Jumapili hayamwonyeshi. Pili, tafuta saa yako mbaya. Kila mtu anayo: asubuhi ya haraka, au jioni baada ya kazi. Ukiijua, unaweza kuipunguzia mzigo. Pengine jambo la kiroho kuliko yote unaloweza kufanya mwezi huu ni kulala mapema, au kujitoa katika kamati moja ya kanisa. Nasema hivyo nikijua wapo viongozi hawatanipenda.

Tatu, kama kufoka kumefika mahali watoto wanakuogopa, au unanyanyua mkono ukiwa na hasira, usibaki nalo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, tena atakayekuuliza wiki ijayo imekuwaje.

Nina biashara ndogo na nimeajiri watu wachache. Nimebandika maandiko ukutani na tunaomba kila asubuhi kabla ya kufungua. Nifanye nini zaidi ili mahali pangu pa kazi pawe nuru?

Ndugu, umeeleza ukuta na maombi, hukueleza mishahara. Labda iko sawa; sijui. Lakini ndiko ningeanzia. Torati inasema katika Mambo ya Walawi 19:13 kwamba ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Yakobo, karne nyingi baadaye, anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hebu fikiri wafanyakazi wameinamisha vichwa katika maombi yako ya asubuhi huku wakidai mshahara wa mwezi uliopita. Wanaitikia Amina kwa sababu gani?

Isaya 58 imeandikwa kana kwamba nabii alipita mlangoni pako, na pa wengi wetu. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye haoni. Anawajibu kwamba siku ile ile ya kufunga wanawalemea wote watendao kazi kwao. Kisha anaeleza saumu anayoitaka: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Baada ya hayo, na si kabla, ndipo inakuja ahadi: "Ndipo nuru yako itakapopambazuka kama asubuhi."

Kwa hiyo maombi yaendelee, lakini asiye wa imani yako asilazimishwe kuhudhuria ili apate kibali chako. Mizani iwe sahihi. Mteja akizidisha malipo kwa bahati mbaya, mrudishie. Mfanyakazi akiuguliwa, ajue hatapoteza kazi kwa kumwuguza mtoto. Ukiyafanya hayo kwa muda mrefu, maandishi ya ukutani yatapata maana. Usipoyafanya, ni afadhali uyabandue.

Wakristo wa kale walijulikana kwa mambo ya namna hii hata na wasiowapenda. Kaisari Juliani, aliyetawala kati ya mwaka 361 na 363 na kutaka kuirudisha dini ya kale ya Roma, aliandika barua akilalamika kwamba "Wagalilaya," yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Sidhani kuna ushuhuda mzuri kuliko manung'uniko ya mpinzani.

Nimeokoka miaka mingi, lakini kwa muda sasa sisikii chochote. Naomba, nasoma Neno, moyo ni mkavu. Nitaangazaje wakati mimi mwenyewe niko gizani?

Pole. Kabla sijajibu: kama ukavu huo umeambatana na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, au mawazo kwamba ni heri usingekuwapo, mwone daktari wiki hii hii. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Sasa kuhusu roho. Isaya 50:10 inamtaja mtu amchaye Bwana na kuitii sauti ya mtumishi wake, kisha inasema anakwenda katika giza wala hana nuru. Ni mtu yule yule: anamcha Mungu, na yuko gizani. Hapewi lawama. Anaambiwa alitumainie jina la Bwana na kumtegemea Mungu wake. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa makumi ya miaka hakuonja uwepo wa Mungu moyoni. Muda wote huo aliwahudumia waliokuwa wakifa mitaani, na watu walisema wameona nuru kwake.

Inawezekana vipi? Kwa sababu nuru haikutoka kwake, na haitoki kwako. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alilifananisha Kanisa na mwezi: hauna mwanga wake, unaazima wa jua. Mwezi wenyewe ni mwamba mweusi kiasi, na ukisimama juu yake huoni uking'aa, unakanyaga vumbi. Walio mbali ndio wanaouona. Ndivyo ilivyokuwa kwa Musa alipoteremka Sinai. Kutoka 34:29 inasema hakujua kuwa ngozi ya uso wake iling'aa. Wengine walijua, wakaogopa.

Kwa hiyo usijipime kwa unachokisikia. Endelea kumwelekea Kristo, hata kwa sala fupi za maneno machache. Zaburi zinakuazima maneno ukikosa yako. Ya 88 inaishia gizani kabisa, bila shangwe mwishoni, nayo imo katika Biblia pamoja na zile za kushangilia. Na usiache kumtembelea yule mgonjwa uliyezoea kumtembelea.

Waefeso 5:11 inatuagiza kuyakemea matendo ya giza. Nimegundua dhambi ya ndugu mmoja wa kanisani. Niiweke wazi kwenye kundi la simu la kanisa?

Usiweke. Yesu ametoa utaratibu katika Mathayo 18:15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Kundi la simu si hatua ya kwanza, na sioni likitajwa katika hatua zinazofuata. Tena jiulize kama umegundua au umesikia tu.

Lakini tofautisha. Kama ni dhambi inayomwumiza mtu mwingine, hasa mtoto, au ni fedha za watu zinaibiwa, usiende kuzungumza naye faragha na kumpa nafasi ya kuficha. Hilo lipeleke kwa wenye mamlaka, wakiwamo wa serikali, na anayeumizwa alindwe kwanza. Makanisa mengi yamewaumiza wanyonge kwa kuita ukimya "kumsitiri ndugu."

Je, ni vibaya kutuma aya za Biblia kila asubuhi kwa watu wote ninaowafahamu?

Si vibaya. Ila mmoja wao akiwa anakudai, mlipe kwanza.

Nimeishi vizuri na wenzangu kazini kwa miaka, lakini hakuna hata mmoja aliyeokoka. Je, nuru yangu ni hafifu?

Yohana Mbatizaji, ambaye Yesu alimwita taa iliyowaka na kung'aa, alikatwa kichwa gerezani, na waliopenda kuishangilia nuru yake walifanya hivyo kwa muda tu. Kuokoa mtu si kazi ya taa.

Ila nikuulize: je, wanajua kwa nini unaishi hivyo? Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Wengi wetu tunaulizwa, tena mara nyingi, ila hatutambui kwamba tumeulizwa. Mwenzako anasema, "Wewe yule bosi alivyokutukana, mbona hukumrudishia?" Nawe unajibu, "Aa, mimi nimelelewa hivyo tu," kisha mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Siku nyingine akikuuliza, mwambie ukweli kwa sentensi mbili, halafu muendelee na mpira.