Swali la Lugha: “Mbona nyuso za wahusika wangu hazina uhai?”

Mwandishi wa hadithi fupi ameniletea sentensi mbili zake: “Macho yake yalikuwa ya kahawia, pua yake ilikuwa nyembamba na nyusi zake zilikuwa nene. Aliposikia habari ile, uso wake ukawa mrefu.” Anasema kila neno ni la Kiswahili na sarufi haina kosa, lakini wenzake wanaosoma kazi yake wanamwambia inanuka tafsiri. Anauliza kasoro iko wapi. Anauliza pia lini aandike “uso” na lini “sura”.

Niliposoma sentensi ya kwanza, sikio langu lilikwama kwenye yake, yake, zake. Kiswahili hakipendi kumilikisha viungo vya mwili namna hiyo kila mara, kwa kuwa kina njia za kumfanya mtu mwenyewe abaki ndani ya sentensi. Ya kwanza ni “-enye”: mtu mwenye nyusi nene na pua nyembamba. Ya pili ni kumfanya mtu kiima cha kitenzi: amevimba uso, amebonyea mashavu. Husemi “uso wake umevimba” isipokuwa una sababu ya kuutenga uso na mtu, kama daktari anayeukagua.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotoweka upesi kwenye maandishi yaliyofikiriwa kwa lugha nyingine. Kiungo kinakuwa kiima, na mwenye kiungo anaingia ndani ya kitenzi kama mtendwa: macho yalimwiva, midomo ilimtetemeka, uso ulimshuka, machozi yalimlengalenga. Linganisha “macho yake yaliiva” na “macho yalimwiva”. Ile ya kwanza inaripoti rangi ya macho. Ya pili inaonyesha hasira au kukesha kukimpata mtu, naye hana la kufanya. Kiambishi kimoja, “-m-”, kimebeba kazi ambayo “yake” haiwezi kuibeba. Mwandishi wa hadithi anayeiacha njia hii anajinyima chombo kikubwa sana.

Sasa “uso wake ukawa mrefu”. Kwa msomaji wa Kiswahili, hapo uso umerefuka tu, kama wa farasi. Huzuni haimo. Tunayo maneno ya hali hiyo: uso ulimsawijika, ukipoteza nuru yake; uso ulimshuka, kwa haya au kukata tamaa; alikunja uso, kwa kuudhika; alikunja ndita, ikiwa unataka tuione mikunjo kwenye paji. Chagua kwa kujua ni huzuni ya namna gani, maana aliyefiwa na aliyeaibishwa hawabadiliki uso sawasawa.

Jihadhari pia na semi zetu wenyewe. Juzi nimesoma mahali mhusika aliyemaliza kulia akielezwa kuwa na “macho makavu”. Mwandishi alitaka kusema machozi yamekwisha, lakini macho makavu, kama uso mkavu, ni ya mtu asiye na haya. Ndiyo sababu wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Vivyo hivyo “ana mdomo mkubwa”: msomaji atafikiria maneno mengi kabla hajafikiria umbo. Ukitaka umbo, taja midomo, “midomo minene” au “midomo myembamba”, na wingi huo utaondoa utata. Na ukimpa mhusika “jicho” moja peke yake, mara nyingi umempa husuda au dharau: alimkata jicho, alimtazama kwa jicho la pembe.

Kuhusu uso na sura, kipimo changu ni maji. Uso unanawa, sura huinawi. Uso ni sehemu ya mwili, neno la Kibantu lenye ndugu hadi kwenye “ubuso” wa Kizulu. Sura limetoka Kiarabu, nalo ni mwonekano mzima, kile ambacho mtoto huchukua kwa baba au mama: wamefanana sura, ana sura ya kipole. Kwa hiyo kovu liko usoni, ila uzuri uko kwenye sura. Lipo pia “wajihi”, la Kiarabu vilevile, lenye heshima ya ushairi. Kwenye hadithi ya kawaida litumie mara chache, au umwachie mhusika anayezungumza hivyo.

Rangi ya macho nisingeitaja hata kidogo, isipokuwa ni ya ajabu machoni pa wahusika wengine. Kiswahili kimejaa maneno ya kutazama kuliko ya rangi ya jicho. Macho huwa malegevu, makali, yaliyoingia ndani. Mtu huyakodoa, huyatumbua, huyapepesa, huyarembua. Yakimtoka pima, tunajua ameona jambo kubwa. Kila kitenzi hapo kinachora umbo na tabia kwa pamoja, jambo ambalo “ya kahawia” haliwezi. Tazama pia jozi za kukunja na kukunjua, kufumba na kufumbua. Mzee aliyekunja uso tangu mwanzo wa hadithi akiukunjua ukurasa wa mwisho, huhitaji kutueleza kwamba amesamehe.

Tashbihi zilizochakaa, kama uso wa mwezi wa kumi na nne na meno ya theluji, zina uzuri wake katika utenzi. Katika hadithi ya leo msomaji huzipita bila kuona kitu.

Dokezo dogo la ngeli, kwa sababu wahariri wanalisahihisha kila siku: umoja wa kope ni ukope, wa nyusi ni unyusi, wa ndevu ni udevu. Basi ni “ukope mmoja ulimwingia jichoni”, si “kope moja”. Na mwenye kuinua upande mmoja tu ameinua unyusi.

Sentensi zako mimi ningeziandika hivi: “Alikuwa mtu mwenye nyusi nene na pua nyembamba. Habari ile ilipomfikia, uso ulimsawijika. Akapepesa macho, akafungua midomo kama anayetaka kuuliza, kisha akaifumba.” Macho ya kahawia nimeyaacha. Ukiona yanahitajika, yarudishe mahali ambapo kuna mtu anayeyatazama.