Friji Inaunguruma Lakini Haipoozi: Usikimbilie Kuongeza Gesi

Nilijua kuna shida siku nilipomimina maziwa kwenye chai yakakatika papo hapo, na yalikuwa ya jana yake tu. Kufungua friji, taa inawaka, mlio uleule wa siku zote unasikika, lakini chupa ya maji niliyoishika haikuwa na ubaridi wowote. Juu kwenye friza, nyama ilikuwa imeganda kama jiwe.

Hilo la nyama lilikuwa jibu, ila sikulijua. Nikamwita fundi. Akatega sikio, akagusa mabomba ya nyuma, akasema, "Gesi imeisha." Hakupima kitu, na mimi sikuuliza. Friji ikavutwa katikati ya chumba, ikazimwa, milango ikaachwa wazi karibu siku nzima huku akikata bomba, akichomea na kujaza. Maji yalitiririka sakafuni nikawa napiga deki kila baada ya muda. Jioni tukaiwasha, ikapooza vizuri. Nikamlipa na kumshukuru sana.

Siku ya 12 maziwa yakakatika tena.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Gesi haikuwa imepungua hata kidogo. Kilichoitibu friji ni yale maji niliyokuwa nikipiga deki.

Friji nyingi za siku hizi, zile ambazo huoni barafu kwenye kuta za friza, zina koili moja tu ya baridi (bomba lililokunjwakunjwa), nayo imefichwa nyuma ya kipande cha plastiki ndani ya friza. Feni ndogo iliyo hapo hapo hupuliza hewa kupita kwenye koili, sehemu ya hewa hiyo ikabaki kwenye friza na nyingine ikateremka kwa njia yake hadi chumba cha chini. Unyevu unaoingia kila tunapofungua mlango huganda juu ya koili, kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa friji hujizima yenyewe kidogo, hita iliyo chini ya koili ikawaka, barafu ikayeyuka na maji yakashuka kwenye sinia iliyo nyuma karibu na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, yakakaukia huko. Hita hiyo ikikatika, au taima au kisensa kinachoiamuru kikifa, barafu hujikusanya taratibu mpaka inaziba koili nzima. Feni inapuliza ukuta. Friza, kwa kuwa imekaa jirani na lile bonge la barafu, huendelea kugandisha kwa siku kadhaa. Chini ndiko kunakotangulia kupata joto.

Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: baridi iko wapi, na haiko wapi? Friza ikiwa inagandisha na chini kuna joto, mashine inatengeneza baridi ila haifiki. Shida iko kwenye barafu, feni au njia ya hewa. Kupima feni ni rahisi. Fungua mlango wa friza, tafuta swichi ndogo ambayo mlango huibonyeza unapofungwa, ibonyeze kwa kidole na usikilize. Kwenye friji nyingi feni husimama mlango ukiwa wazi, ndiyo maana watu hufungua, wasisikie kitu, wakadhani imekufa. Ipe dakika chache pia, kwa sababu kama iko kwenye zamu ya kuyeyusha barafu haitazunguka.

Ukishuku barafu, toa vyakula, chomoa waya, acha milango wazi kwa saa 24 na uweke vitambaa vya kutosha chini. Ukiiwasha ikapooza vizuri, halafu baada ya wiki moja au mbili ikarudia ugonjwa uleule, basi mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mbovu. Gharama ya jaribio hili ni uvumilivu tu. Lakini usiharakishe kwa kisu. Jirani yangu alichokonoa barafu kwa ncha ya kisu, akasikia "fsss" fupi, na friji yake ikawa kabati la vyombo. Bomba la koili ni alumini laini, halihitaji nguvu kutoboka.

Sasa, ikiwa juu na chini kote hakuna baridi, nenda nyuma. Kumbuka kuwa mlio unaousikia unaweza kuwa wa feni peke yake. Kuunguruma si ushahidi kwamba kompresa inafanya kazi. Kompresa ni lile dude jeusi kama chungu lililo chini kabisa. Sogeza kiganja kwa tahadhari, maana huwa la moto. Likiwa na joto na linatetemeka kidogo mfululizo, linafanya kazi. Ukisikia "tak", mgurumo wa sekunde chache, tena "tak", kisha kimya kwa dakika kadhaa, inajaribu kuwaka inashindwa. Kabla ya kuihukumu kompresa yenyewe, fundi apime umeme unaofika pale na akague relei ya kuwashia iliyobandikwa ubavuni mwake. Relei ni kitu kidogo cha bei ndogo, na kompresa ngapi zimebadilishwa kwa kosa lake. Umeme mdogo nao hufanya hivyohivyo. Na ukizima friji, subiri angalau dakika 5 kabla ya kuiwasha tena, presha ndani ya mabomba itulie.

Kuhusu vumbi kwenye koili za nyuma, friji kubanwa ukutani, na mpira wa mlango uliolegea: fanya usafi, isogeze kidogo, funga mlango ukiwa umebana karatasi, uivute uone kama inachomoka bila kushikwa na mpira. Angalia pia namba ya themostati (kitufe cha kupangia baridi), kuna siku niliikuta kwenye 1, baridi ndogo kabisa, na hakuna aliyekiri kuigusa. Na usipime kwa kiganja. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, kilale humo. Asubuhi kisome nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake; friza iwe karibu na -18. Nyama au maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 2 kwenye joto la juu ya nyuzi 4, mimi huyamwaga.

Turudi kwenye gesi, maana ndiyo inayotumaliza. Gesi ya friji haichomwi wala kutumika kama ya jiko. Inazunguka ilemile ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu. Fundi akikuambia imeisha, muulize tundu liko wapi, atalizibaje, kama atabadilisha filta na kama atavuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza. Asiyekuwa na pampu mpe maji ya kunywa, aende zake. Dalili ya kweli ya upungufu ni kompresa inayofanya kazi bila kupumzika huku koili ya ndani ikiwa na theluji kwenye kona moja tu, kwingine kukavu. Soma pia kibandiko cha nyuma kinachotaja aina ya gesi: R600a ni gesi inayowaka, haitaki mtu wa kuchomea moto kwa kubahatisha, na haichanganywi na R134a, ambayo ni aina nyingine ya gesi ya friji.

Fundi wangu wa pili alifungua skrubu nne ndani ya friza, akavuta ile plastiki, tukakutana na ukuta mweupe wa barafu uliomeza koili yote. Alipomaliza kuyeyusha akaishika hita kwa mita: haipitishi umeme. Akaweka mpya, kazi haikufika saa mbili. Nikamuuliza kuhusu gesi. Akainama nyuma, akaangalia pale fundi wa kwanza alipokata bomba na kuacha valvu, akatikisa kichwa. "Hapa ndipo ninapopaogopa," akasema. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa naizima, napaka povu la sabuni kwenye ile valvu na kuangalia kama kuna mapovu yanayovimba.