Jibu: Nyumba za mnada wa kodi Florida

Ndugu, umeuliza iwapo akiba yako ya dola 15,000 inaweza kukununulia mali Florida kupitia mnada wa kodi ya majengo, yaani ule wa kuuza mali ambayo mwenyewe hakuilipia kodi, na kama hati utakayopewa inatosha kukufanya mmiliki kamili. Kununua unaweza, hati ndiyo yenye mashaka.

Kule mnada husimamiwa na karani wa mahakama ya kaunti, mara nyingi kwa intaneti, na mshindi hutakiwa kuweka amana ya asilimia 5 ya dau lake, au dola 200 ikiwa hicho ndicho kiasi kikubwa zaidi, kisha kumalizia salio ndani ya saa 24. Akishindwa, amana imekwenda. Rehani ya benki kwa kawaida hufutika, lakini madeni ya manispaa na kaunti, yakiwemo ya kufyeka nyasi za kiwanja kilichotelekezwa, humfuata mnunuzi. Aidha, kampuni za bima ya hatimiliki, ile inayomlinda mnunuzi umiliki wake ukipingwa, husita kuikubali hati ya namna hii mpaka ufungue kesi ya kuthibitisha umiliki, na wengi husahau kuiingiza ada ya wakili kwenye hesabu.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuweka dau kwenye kiwanja kilichovutia sana katika orodha. Nilipofungua ramani ya kaunti, nikakuta ni ukanda mwembamba kati ya uzio wa jirani na mtaro wa maji ya mvua, usiotosha hata banda la kuku. Kwa hiyo anza na ramani, kisha upekue kumbukumbu za madeni, na ikiwezekana umtume mtu akaitazame nyumba akiwa barabarani, kwa kuwa kabla ya kuinunua huna haki ya kuingia ndani.