Punje zinapogeuka mistari
Ukifuma sweta kwa mtindo wa punje (vitanzi vya kawaida na vya kinyume vikipokezana, vifundo vitawanyike kama mbegu) ukapata mistari, ni kwa sababu una vitanzi shufwa na kila safu unaianza vilevile. Hapo unapata mistari ya wima kama ya pindo la sweta, si punje. Weka witiri, tuseme 21: kila safu ni kitanzi kimoja cha kawaida (uzi nyuma ya sindano), kimoja cha kinyume (uzi mbele), hivyo hivyo hadi umalizie na cha kawaida. Ukibaki na 20, safu ya pili ianze na cha kinyume, ya tatu na cha kawaida.

Ukipotea usihesabu, tazama kitanzi kinachofuata kwenye sindano ya kushoto. Chini yake pana kifundo? Fuma cha kawaida. Pana umbo la V? Cha kinyume. Vitanzi vikiongezeka vyenyewe na kuacha vitundu, basi uzi umepita juu ya sindano badala ya kati ya sindano mbili. Tena punje hutanuka kuliko ufumaji laini (safu moja yote ya kawaida, inayofuata yote ya kinyume), kwa hiyo sindano nyembamba kwa nusu milimita husaidia, ila pima kwanza kwa kipande cha sentimita 10.