Uliza Tujibu: Umri wa Gari Unahesabiwa Tangu Kiwandani

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na ugonjwa mmoja, magari ya spoti ya zamani ya Japani. Ugonjwa huo ninao na mimi, gari yangu ni Nissan Skyline R32 ya 1990 na niliipitisha mwenyewe forodha ya Marekani, kwa hiyo nimeomba nizijibu zote mimi. Nitajibu kwa urefu pale pesa za watu zinapopotelea, kwingine nitapita haraka.

SWALI: Mambo kaka. Niko Texas, naendesha malori ya masafa marefu, nimedunduliza miaka na miaka kwa ajili ya Nissan Skyline GT-R R34. Nimepata moja iko Japani, muuzaji ananiambia ni ya 2001 na anataka arabuni wiki hii hii kwa sababu eti kuna mtu mwingine anaitaka. Nilipe?

JIBU: Poa kaka. Usilipe hata senti mpaka akuambie imetengenezwa MWEZI gani, na akuonyeshe, asikuambie kwa mdomo tu. "Ya 2001" haina maana yoyote pale bandarini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ndiyo iliyobana magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vya usalama vya kule, na mlango ilioacha wazi ni huu, gari likitimiza miaka 25 tangu tarehe lilipotengenezwa linaachiwa, halidaiwi tena viwango hivyo. Wanahesabu tangu kutengenezwa kaka, tarehe ya kuuzwa na mwaka wa modeli havihusiki. Sasa gari iliyotoka kiwandani Januari 2001 na iliyotoka Oktoba 2001 zote muuzaji anaziita ya 2001, lakini moja inaingia Januari 2026 na nyingine lazima isubiri mpaka Oktoba 2026, na hiyo miezi tisa katikati ndiyo inayoliza watu. R34 GT-R zilianza kutoka Januari 1999 na uzalishaji ukaisha 2002, ndio maana zilianza kuingia kihalali Januari 2024 na zinaendelea kufunguka mwezi kwa mwezi. Zile za mwisho kabisa, V-Spec II Nür za 2002, zinasubiri mpaka 2027.

Utaujuaje huo mwezi? Hapo ndipo pagumu kidogo kwa sababu kibao cha chasisi kwenye Nissan za Japani hakiandiki tarehe ya kutengenezwa, kinaandika namba ya chasisi tu, na usitafute ile namba ya tarakimu 17 uliyoizoea, haipo, utakuta BNR34 kisha kistari kisha tarakimu sita. Tarehe inapatikana kwenye katalogi ya spea ya Nissan ukiingiza hiyo namba. Karatasi ya usajili ya Japani nayo inaonyesha mwezi gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, hiyo siyo tarehe ya kiwandani, ila inakusaidia sana kwa sababu gari haliwezi kusajiliwa kabla halijatengenezwa, kwa hiyo usajili wa kwanza ukiwa umeshapita miaka 25 hapo huna wasiwasi, na maafisa wenyewe wanaukubali kama ushahidi wa umri. Kumbuka tu Wajapani wanaandika miaka kwa enzi, ukiona Heisei 13 jumlisha 1988 unapata 2001.

Kuna kitu kingine kidogo huwa nakiangalia, vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho uone kile kitambaa kilichoshonwa chini karibu na sakafu, mara nyingi mkanda nao una tarehe yake. Forodha hawatakubali hicho kama ushahidi, ila mkanda ukisoma Desemba na muuzaji anasema gari ni la Machi mwaka huo huo, ama mkanda umebadilishwa ama mtu anakudanganya, na vyote viwili unatakiwa uvijue kabla hujatoa hela.

Na huyo "mtu mwingine anaitaka" mwache aichukue. Nasema kutoka moyoni kaka, hela ya usukani wa usiku haichezewi hivyo.

SWALI: Shikamoo anko. Nina miaka 23, nimepata wakala anayenunua kwenye minada ya Japani, amenitumia karatasi ya mnada ya Mazda RX-7 FD ina "R" kubwa juu na herufi herufi kwenye mchoro wa gari. Yeye anasema ni gari safi. Nazisomaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kuuliza kabla. Karatasi ya mnada ndiyo jicho lako kule, kwa sababu anayeijaza ni mkaguzi wa mnada na siyo muuzaji. Gredi huwa zinakwenda kwa namba, 4 na 4.5 ni gari zuri kwa umri huo, 3.5 ni la kawaida lenye makovu yake, na R au RA maana yake gari limewahi kutengenezwa fremu au sehemu za muundo wake baada ya ajali. Kwa hiyo wakala anayekuambia R ni "gari safi" ama hajui kazi ama anakudharau, na mimi nisingenunua kwake hata kioo cha pembeni. Siyo kwamba R yote ni takataka, zipo zilizorekebishwa vizuri na bei yake inashuka, lakini lazima ujue imepigwa wapi na uone picha za hapo.

Zile herufi ni hivi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi, yaani bodi limenyooshwa na kupigwa rangi halafu halijakaa sawa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula zaidi, X ni kitu cha kubadilishwa na XX kimeshabadilishwa. Namba inayofuata inakuonyesha ukubwa, A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Sasa watu wengi wanaogopa A na U kwa sababu zinaonekana kwenye picha, mimi ninachoogopa ni S na C. Mkwaruzo unapiga rangi yameisha. Kutu kwenye gari la miaka 30 huwa inaonekana kidogo juu wakati chini imeshatafuna.

Nikupe yangu. R32 yangu karatasi iliandika kutu kidogo chini, basi. Ilipofika nikalala chini na tochi, nyuma chini ya buti kumepakwa ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, mpyaaa, inang'aa, nikafurahi nikaona mwenyewe alikuwa anaitunza. Nikagonga na mpini wa bisibisi, pale inalia vizuri, pale inalia vizuri, nikafika karibu na tairi la kulia sauti ikabadilika ikawa kama unagonga boksi la karatasi, nikageuza bisibisi nikasukuma kidogo tu ikazama mpaka nusu. Lami ilikuwa inashikilia kutu isianguke. Fundi alikata kipande cha ukubwa wa sahani na kuchomelea bati jipya, na hela niliyotoa hapo ningeweza kununua gari la gredi moja juu. Kwa hiyo kabla ya mnada mwombe wakala apige picha chini ya gari, kwenye minara ya shokapu chini ya boneti, na kwenye mikunjo ya fenda za nyuma, na akikuta lami mpya aigonge. Akikuambia hana muda tafuta mwingine.

Kwa FD yenyewe nakuongezea hili, injini ya rotari, ile isiyo na pistoni bali rota zinazozunguka, haipimwi kwa kusikiliza tu mlio. Omba vipimo vya kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, vilivyochukuliwa kwa kifaa cha rotari, kwa kila chumba cha rota zote mbili. Kile kifaa cha kawaida cha pistoni kitakupa namba moja isiyokusaidia.

SWALI: Ndugu mhariri, nimesoma mahali kwamba gari likifika miaka 25 unaenda tu bandarini unachukua. Ni kweli hakuna makaratasi?

JIBU: Makaratasi yapo ndugu yangu, ila hayatishi. Kuna fomu ya HS-7 ya usalama ambapo unachagua kisanduku cha gari lenye miaka 25 au zaidi, kuna 3520-1 ya mazingira ambako umri unaotakiwa ni miaka 21 tu lakini kwa sharti gari liwe kwenye hali yake ya asili, kwa hiyo aliyetoa injini akaweka ya aina nyingine hapo anajitafutia maswali, na kuna fomu za forodha zenyewe pamoja na dhamana. Gari likija kwa kontena lazima taarifa ya mzigo ipelekwe forodha saa 24 kabla halijapakiwa melini, ukichelewa faini yake inafika dola 5,000, na hii watu wanaisahau kwa sababu inatakiwa wakati gari bado liko Japani wewe bado unashangilia picha. Ushuru wa msingi wa gari dogo ni asilimia 2.5, lakini mwaka 2025 Marekani iliongeza ushuru wa magari na viwango vikabadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo usipige hesabu kwa video ya mwaka juzi, mwambie wakala wa forodha akuandikie kiwango cha gari lako kwa umri wake kabla hujanunua. Na lisafishwe chini kabla ya kupanda meli, udongo wa kigeni hawautaki kabisa, wanaweza kukuagiza ulioshe kwa gharama yako.

Halafu ORIJINO. Ile hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha, pamoja na tafsiri yake, hakikisha ya asili iko mikononi mwako kabla meli haijafika. Mimi aliyeniuzia alinitumia nakala, ya asili akaituma kwa posta ya kawaida, gari langu likakaa bandarini siku kumi na moja linalipiwa uhifadhi kila siku huku mimi nalitazama kupitia uzio wa waya, limejaa vumbi la chumvi, kwenye kioo wameandika namba kwa chaki. Sikuweza hata kuligusa. Sitaki mtu mwingine apitie hilo kwa sababu ya bahasha.

SWALI: Kaka, kuna jamaa anauza R34 ya Aprili 2002 hapa hapa Marekani, ina pleti na ina hati ya umiliki ya jimbo, bei nzuri. Tena rafiki yangu yuko Kanada anasema kwao ni miaka 15, anaweza kuniletea yake. Njia ipi bora?

JIBU: Hakuna kaka. Hati ya jimbo inasema tu nani mmiliki, haisemi gari liliingiaje nchini, na karani wa jimbo hana kazi ya kukagua fomu za forodha. Aprili 2002 inatimiza miaka 25 Aprili 2027. Kabla ya hapo muulize jamaa maswali mawili tu, fomu ya HS-7 iko wapi na ile karatasi ya forodha yenye muhuri iko wapi. Zipo njia chache halali za gari changa, kama ule utaratibu wa magari adimu ya maonyesho ambao hauruhusu kuzidi maili 2,500 kwa mwaka, lakini aliyepita huko ana barua ya ruhusa na ataionyesha kwa fahari. Asiyekuwa nayo gari lake linaweza kukamatwa akiwa nalo yeyote, hata uliyenunua kwa nia njema, na yapo magari yaliyopondwa kabisa. Inaniuma kuandika hivyo maana kila linalopondwa halitatengenezwa tena.

Kanada ni kweli miaka 15, na rafiki yako anaweza kuja kutembea nalo kama mgeni akarudi nalo kwao. Siku atakapokuuzia wewe mkaazi wa Marekani linahesabika limeingizwa, na miaka 25 inakusubiri pale pale mpakani.

SWALI: Habari za kazi. Naishi California, nataka Nissan Silvia S15 ya 1999. Umri umetimia. Kuna tatizo?

JIBU: Salama dada, ndiyo, tatizo ni jimbo lako. Serikali kuu itakuachia gari lakini California ina sheria yake ya moshi, na gari la petroli lililoingizwa moja kwa moja ambalo ni la 1976 au jipya zaidi linatakiwa kwenda maabara inayotambuliwa, liwekewe vifaa na lipimwe mpaka lifaulu ndipo lisajiliwe. Inawezekana, watu wanafanya, lakini ni maelfu ya dola na miezi ya kusubiri. Tafuta ambalo tayari limepita maabara, utalipa zaidi ila utaliendesha.

SWALI: Shikamoo. Mimi niko Uingereza, nina hamu ya Honda Beat ya 1991, hizo sheria za miaka 25 zinanihusu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hazikuhusu, na usukani tayari uko upande wenu. Gari lililozidi miaka 10 kwenu halidaiwi ule ukaguzi wa kuidhinisha gari moja moja, unatoa taarifa kwa mamlaka ya kodi ndani ya siku 14 tangu lifike, unapitisha MOT, yaani ule ukaguzi wenu wa usalama wa gari, unasajili. Na Beat ya 1991 imeshavuka miaka 30, kwa hiyo kama iko kwenye hali yake ya asili omba ihesabiwe kama gari la mkusanyaji, hapo unalipa VAT asilimia 5 badala ya 20 na ushuru wa forodha hakuna. Uweke ombi hilo kabla halijatolewa bandarini, maana ukishalipa kiwango cha kawaida kurudishiwa ni safari ndefu. Na angalia vizingiti vya chini ya milango, Beat zinaozea hapo.