Kwa msanifu majengo anayeanza kazi Mji Mkongwe

Ninyi mnaotoka chuoni kuja kufanya kazi ya hifadhi Mji Mkongwe wa Unguja mtakabidhiwa futi na kamera. Nawaomba mviweke kando kwa siku chache, mpande ngazi za nyumba mliyopangiwa, na muulize nani analala katika kila chumba, nani anamlipa nani kodi, na paa likivuja nani anapanda kulitazama. Mimi sikuuliza, na nyumba ya watu ikaumia.

Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ukutani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Maji yakipenya kutoka juu huteremka ndani ya ukuta, ncha za boriti huoza pasipo mtu kuziona, na siku zinapoachia, sakafu hushuka na ukuta uliokuwa umeshikwa nazo huanza kufanya tumbo. Kwa hiyo ugonjwa wa nyumba hizi ni maji, na maji hayawezi kutibiwa bila kujua paa ni la nani. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa serikali na familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja. Nyingine ni za wakf, na nyingine zina warithi waliotawanyika hadi Oman na Uingereza. Anayekaa chini haoni tundu la paa, na anayekaa juu hana hakika kama ana haki ya kuliziba.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliidhinisha ukuta wa chini wa nyumba moja upigwe lipu ya saruji, kwa kuwa chokaa huhitaji kulowekwa kwa muda mrefu na kupakwa tabaka jembamba juu ya jingine, nasi tulitaka familia zirudi kabla ya Ramadhani. Saruji haikuuacha ukuta upumue. Unyevu na chumvi inayopanda kutoka ardhini vilinaswa nyuma yake, na baada ya masika mbili lipu ilibanduka pamoja na uso wa mawe. Bi mkubwa wa nyumba ile alikuwa amesema mbele yangu kwamba ukuta huo hutoka jasho kila mwaka. Nililichukulia kuwa neno la mazungumzo tu, kumbe alikuwa ananipa taarifa ya kitaalamu.

Sheria na vibali ni lazima mvijue. Mamlaka ya Hifadhi ipo tangu 1985, na UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukiona ufa unaoongezeka, waondoe watu kwanza, na kabla ya kuwaambia wahame uwe umeshawatafutia pa kulala.

Mkutano wa wakaazi uitishwe kupitia sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, barazani, baada ya alasiri, na kina mama wapewe nafasi yao ndani, maana wao ndio wanaojua maji yanapita wapi. Zungumzeni gata na bomba kabla ya historia. Nyumba inapotakiwa kugeuzwa hoteli, ulizeni kwa sauti wapangaji wataelekea wapi, hata kama swali hilo litawanyima kazi. Mimi limeninyima, na bado nauliza.

Nyumba ile tuliiondoa saruji, tukaipiga chokaa chini ya uangalizi wa fundi mzee wa mtaani, na familia tano zinazokaa humo zikakubaliana kuchangia usafishaji wa gata kila mwaka kabla ya masika. Huwa napita kuikagua mwezi wa Februari. Bi mkubwa hungoja nimalize salamu, kisha hunipeleka ukutani, akaweka kiganja chake pale palipokuwa panatoka jasho, nami nikaweka changu.