Anti, Meli Inasimama Siku Moja Tu, Tushuke Twende Wapi?

SWALI: Anti shikamoo. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunapanda meli ya watalii kutokea Florida, na tunaye mama mkwe, ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua. Meli inasimama Cozumel kule Meksiko siku moja tu, inafika saa 2 asubuhi inaondoka saa 11 jioni, sasa vita imeshaanza hata begi hatujafunga. Mume anataka Tulum akaone magofu ya Wamaya, wale wenyeji wa kale wa kule, mimi nataka ufukweni nilale tu, mama yeye anasema popote mtakaponiweka nitakaa. Saa tisa nzima si zinatosha vyote viwili?
— Mke wa Mpenda Magofu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hazitoshi, na ngoja nikuhesabie maana hapa ndipo watu wengi wanapolizwa.

Meli ikifunga gati saa 2 haina maana wewe umeshuka saa 2, kuna vibali vya bandari kwanza halafu foleni ya watu elfu na kitu wote wanataka kutoka mlango mmoja, kwa hiyo sema saa 3 ndio unakanyaga nchi kavu. Na kule mwisho, meli nyingi zinataka uwe umerudi nusu saa kabla ya kuondoka, yaani saa 10 na nusu. Hapo zile tisa zimeshakuwa saba na nusu, na bado hujaenda popote.

Sasa Tulum. Tulum haiko Cozumel! Cozumel ni kisiwa, Tulum iko bara. Meli nyingi zinafunga kwenye magati ya kusini ya mji, kwa hiyo unachukua teksi mpaka katikati ya San Miguel, huo mji wa kisiwani, kwenye kivuko, unasubiri, unavuka dakika kama 45 mpaka Playa del Carmen (na mkondo wa pale ukichafuka mama mkwe atakukumbuka maisha yake yote), halafu gari karibu saa nzima kushuka kusini. Kwa hesabu yangu mnafika saa 6 mchana. Mwezi wa saba kule jua linasimama utosini kabisa, na yale magofu yako juu ya jabali la bahari, kuzuri mno sikatai, ila kivuli ni cha kutafuta. Mkizunguka saa moja na nusu tu mkageuza, mkaipata feri ya saa 9, mnarudi melini saa 10 na dakika chache. Mna kama dakika 25 za akiba. Tairi moja likipasuka, feri moja ikijaa, basi.

Na kuna kitu kingine mumeo hajakifikiria, saa yenyewe. Cozumel iko jimbo la Quintana Roo ambalo tangu 2015 halibadilishi saa mwaka mzima, Florida wao wakati wa kiangazi wanasogeza mbele, kwa hiyo mwezi wa saba Cozumel iko nyuma ya Florida kwa saa moja. Meli nyingine zinabadilisha saa zikifika, nyingine zinabaki na saa yao ile ile, na simu yako ikishika mtandao wa kule inajibadilisha yenyewe kimya kimya. Unaangalia simu inasema saa 10 unajiona uko vizuri unanunua na kikapu cha zawadi, kumbe melini ni saa 11 na kamba zinafunguliwa. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kushuka angalia saa ya ukutani melini, uliza wahudumu mara mbili, na vaa saa ya mkono ya kizamani uiseti kwa saa ya meli. Mimi nilishakimbia gatini viatu mkononi kwa ajili ya simu, watu wako juu kwenye roshani wananipigia makofi, sitaki hata kuongelea zaidi.

Kwa hiyo mume akisema Tulum au kufa, aende kwa tua, yaani ziara ya kuongozwa, inayouzwa na meli yenyewe, peke yake. Zile ni ghali kuliko za nje na mnatembea kama kondoo nyuma ya kibao chenye namba, lakini basi la tua ya meli likichelewa meli inasubiri, au kampuni inabeba jukumu la kumfikisha kituo kinachofuata. Ukijipangia mwenyewe hakuna anayekusubiri. Kwa safari ya mbali yenye kuvuka bahari mimi nalipa hiyo tofauti bila kulalamika, ila kwa ufukwe ulio dakika kumi kutoka gatini tua ya meli ni kutupa hela.

Ila ningekuwa wewe ningemwambia hivi: baba, magofu yapo hapo hapo kisiwani. Panaitwa San Gervasio, katikati ya Cozumel, Wamaya walikuwa wanakwenda kuhiji pale kwa mungu wao wa kike Ixchel. Sio makubwa kama Tulum, nisikudanganye, ni madogo na yametawanyika msituni na njia ni ya mawe mawe, kwa hiyo mama asiende. Mume ashuke wa kwanza, achukue teksi (apatane bei kabla ya kupanda, ya kwenda na kurudi na kusubiriwa), apake dawa ya mbu, azunguke kabla jua halijakomaa, na saa 6 awe ameshawafuata nyinyi ufukweni.

Nyinyi kaeni upande wa magharibi. Huko ndiko maji yametulia na matumbawe yapo, hata kwa miwani na mrija tu unaona samaki. Upande wa mashariki unapendeza kwa picha lakini ni bahari wazi, mawimbi na mikondo ya kuvuta watu, usiogelee. Tafuta sehemu yenye viti, kivuli na choo cha karibu, kwa ajili ya magoti ya mama hicho choo ni muhimu kuliko rangi ya mchanga. Na mama akiamka siku hiyo akasema leo nabaki melini, muache! Siku ya bandari meli inakuwa tupu, viti vyote vya bwawani vyake.

Kutengana masaa matatu sio ugomvi jamani, mtakuwa na mengi ya kusimuliana mezani usiku.

SWALI: Anti, sisi kituo cha mwisho ni Grand Cayman halafu kesho yake asubuhi tunafika na kwenda moja kwa moja airport. Nataka kupiga mbizi na mitungi mara mbili siku hiyo, kuna shida?
— Samaki wa Nchi Kavu

JIBU: Ipo. Hewa ya mtungi inaacha naitrojeni mwilini, ukipanda ndege mapema inatoka kwa vipovu na unaweza kuumia vibaya. Ushauri wa kawaida wa wazamiaji ni kukaa angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na 18 ukipiga zaidi ya moja. Hesabu kuanzia unapotoka majini mpaka ndege inaruka, ukiona zinabana, nenda na mrija tu juu juu. Halafu George Town, mji wa bandari wa Grand Cayman, meli zinatia nanga mbali, mnapelekwa na boti ndogo, foleni yake ni ndefu kwenda na kurudi na bahari ikichafuka kituo kinafutwa kabisa. Kwa hiyo usilipie mbizi ambayo hela yake hairudishwi.

SWALI: Nina suruali yangu ya mabaka ya jeshi naipenda sana, naweza kushuka nayo Barbados?
— Mzee wa Kombati

JIBU: Iache nyumbani. Barbados, Jamaika na visiwa kadhaa vya huko raia kuvaa mabaka ya jeshi ni kosa la sheria, hata mtoto, hata kofia.